KUTOKA "UPOFU WA MANENO" HADI DARASA LETU
Historia fupi ya watoto wanaoshindwa kusoma



Kila tarehe 16 Juni tunaadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika. Siku hii iliwekwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) na ikaanza kuadhimishwa mwaka 1991, ili kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliopigwa risasi tarehe 16 Juni 1976 walipoandamana kupinga elimu duni na kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana. Watoto wale walidai kufundishwa kwa njia wanayoielewa. Katika toleo hili la kumbukumbu napenda kuandika habari za watoto wengine, ambao hata wakitaka kuandamana hawawezi kuandika bango. Ni wale wanaoketi mbele yetu darasani mwaka hata mwaka, akili zao ni timamu, na bado kusoma kunawashinda.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Miaka michache iliyopita, nilipokuwa nikifundisha darasa la tatu, nilikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akirudia darasa kwa mara ya pili. Sokoni kijana huyo alikuwa hodari. Bei ya unga, maharage na chumvi aliijumlisha kichwani na kukurudishia chenji kabla wewe hujamaliza kuhesabu vidole. Lakini ukimpa ukurasa mmoja wa kitabu, jasho lilimtoka. Jina lake mwenyewe aliliandika herufi zikiwa zimebadilishana nafasi. Nilimwita mvivu. Nilimchapa fimbo. Wenzake wakampa jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Mama yake alipokuja kuniuliza, nilimjibu, "Mama, huyu mtoto hataki tu." Muhula uliofuata hakurudi. Kwenye daftari la mahudhurio niliandika neno moja: "Ameacha."

Ni baadaye, niliposoma historia hii ninayowasimulia, ndipo nilipotambua kwamba mtoto kama yule alikwisha kuelezwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kwamba mwalimu wake hakuwa na haja ya fimbo.

MADAKTARI WA KWANZA

Mambo haya hayakuanzia shuleni, yalianzia hospitalini. Mwaka 1877 daktari wa Kijerumani, Adolf Kussmaul, alieleza habari za wagonjwa wazima ambao, baada ya kuugua ubongo, walipoteza uwezo wa kusoma ingawa macho yao yaliona vizuri na usemi wao haukupotea. Hali hiyo aliiita "upofu wa maneno". Mwaka 1887 mwenzake, Rudolf Berlin, daktari wa macho wa mji wa Stuttgart, alitoa kitabu juu ya wagonjwa wa namna hiyo. Yeye alitumia jina lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya ugumu na neno. Jina hilo ndilo tunaloliita leo disleksia.

Hao wote walikuwa watu wazima waliokwisha kujua kusoma. Hakuna aliyefikiri juu ya mtoto. Ndipo tarehe 7 Novemba 1896 daktari wa mji mdogo wa Seaford, Uingereza, aitwaye W. Pringle Morgan, alipochapisha katika jarida la madaktari habari za kijana wa miaka 14 aliyemtaja kwa jina la Percy F. Kijana huyo alikuwa mchangamfu na mwepesi katika michezo. Alikuwa amefundishwa shuleni na nyumbani tangu ana miaka saba, lakini aliweza kwa shida kusoma maneno ya silabi moja tu. Jina lake aliliandika "Precy", na hakuona kosa mpaka alipoonyeshwa zaidi ya mara moja. Lakini daktari alipompa hesabu ya 749 mara 867, aliifanya upesi na akapata.

Ndugu msomaji, niliposoma habari hizo niliweka kitabu chini. Yule kijana wangu wa sokoni alikuwa amekaa mbele yangu tena.

Jambo kubwa katika taarifa ile ni maneno ya mwalimu wake Percy. Alimwambia daktari kwamba kama masomo yote yangetolewa kwa mdomo, kijana huyo angekuwa wa kwanza shuleni. Mwalimu yule hakuwa na dawa, lakini alikuwa na macho ya kuona kipaji mahali ambapo daftari lilionyesha sifuri.

Huko Glasgow, James Hinshelwood, daktari wa macho, aliwachunguza watoto wengi wa namna hiyo kwa miaka, na mwaka 1917 akatoa kitabu juu yao. Ushauri wake ulikuwa mwepesi: mtoto afundishwe peke yake, masomo yawe mafupi lakini ya mara kwa mara, na asisomeshwe kwa sauti mbele ya wenzake wanaomcheka. Aidha, mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari walikwisha kutambua kwamba hali hii huonekana katika ukoo mmoja, kutoka kwa mzazi au mjomba hadi kwa mtoto. Hivyo basi, huu si uchawi wala laana, na si kosa la mama.

Lakini tuseme na upande wa pili. Watoto walioandikwa na madaktari wale wengi walitoka katika familia zenye uwezo wa kulipa daktari na mwalimu wa nyumbani. Mtoto wa maskini aliyekuwa na shida ile ile hakuandikwa popote. Aliitwa mjinga, akaenda kufanya kazi. Hapo ndipo historia yetu inapogusana na ile yao.

WALIMU WAPOKEA KAZI

Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kuwashughulikia watoto wasiofaidika na masomo ya kawaida. Kutokana na kazi hiyo Alfred Binet, pamoja na Théodore Simon, walitengeneza mwaka 1905 kipimo cha kwanza cha akili kilichoenea. Nia ya Binet ilikuwa kumtambua mtoto anayehitaji msaada ili asaidiwe. Mwaka 1909 aliwalaumu wazi wale waliodai kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichoweza kuongezeka. Hata hivyo, katika nchi kadhaa kipimo hicho kilitumiwa kinyume cha nia yake: kuwabagua watoto na kuwafungia milango. Funzo hapa ni kwamba kumpa mtoto jina la tatizo si msaada. Msaada ni kile kinachofuata baada ya jina.

Miaka michache kabla ya hapo Maria Montessori, daktari wa Italia, alikuwa akiwafundisha mjini Roma watoto waliohesabiwa kuwa hawafundishiki, na baadhi yao wakafaulu kusoma na kuandika. Mwaka 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini uitwao San Lorenzo. Huko alitumia herufi zilizokatwa kwa karatasi ya msasa. Mtoto alizipapasa kwa kidole huku akitamka sauti yake. Kidole kilimsaidia jicho.

Nchini Marekani, mwaka 1925, daktari Samuel Orton alizunguka na kliniki yake katika jimbo la Iowa, akakuta watoto wengi wenye akili walioshindwa kusoma. Alidhani sababu ni pande mbili za ubongo kushindania herufi, ndiyo maana mtoto anachanganya "b" na "d". Maelezo hayo yamekwisha kuachwa. Lakini katika miaka ya 1930 mwalimu Anna Gillingham na mwenzake Bessie Stillman walitengeneza kutokana na kazi yake mtindo wa kufundisha ambao umedumu: sauti moja baada ya nyingine, kwa mpango, kutoka rahisi hadi ngumu, mtoto akiona, akisikia, akitamka na akiandika kwa wakati mmoja.

Wazazi nao hawakukaa kimya. Mwaka 1963 walikutana Chicago, na mtaalamu Samuel Kirk akawapa jina pana la "matatizo ya kujifunza", ili watoto wao wasiitwe tena wajinga wala wagonjwa wa akili. Mwaka 1972 chama cha disleksia kiliundwa Uingereza. Sheria na madarasa ya msaada vilikuja baada ya wazazi kukusanyika na kudai. Hilo sisi wenye kamati tulitie maanani.

TATIZO LIKO KWENYE SAUTI

Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba shida iko machoni. Kuanzia miaka ya 1970 utafiti ulizidi kuonyesha kwamba kwa watoto walio wengi shida kubwa iko katika kuzitambua na kuzitenganisha sauti za maneno. Mwaka 1983 watafiti wawili wa Oxford, Lynette Bradley na Peter Bryant, walitangaza matokeo ya kazi ya miaka kadhaa. Waliwachukua watoto 65 waliokuwa dhaifu katika kutambua sauti, wakawagawa makundi. Waliofundishwa kupanga maneno kwa sauti zake, na kisha kuziunganisha sauti hizo na herufi za kushika mkononi, ndio walioendelea zaidi katika kusoma.

Mwaka 2001 kundi la watafiti liliwalinganisha watu wazima wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano walisoma kwa usahihi zaidi, kwa sababu maandishi yao hufuata sauti. Lakini ubongo wa wote watatu ulionyesha dalili ile ile wakati wa kusoma. Maana yake ni kwamba tatizo ni moja, ila lugha inaweza kulificha au kulianika.

Habari hiyo inatuhusu sana, kwa kuwa maandishi ya Kiswahili nayo hufuata sauti. Mtoto akishajua ba, be, bi, bo, bu, tunadhani amekwisha kujua. Wengine hukariri ukurasa mzima kwa kuwasikiliza wenzao. Mwalimu mwenye watoto 90 hupita akidhani wanasoma. Usimpime mtoto kwa ukurasa aliouzoea. Mpe sentensi mpya. Mwenye disleksia katika Kiswahili huenda asikosee sana, lakini atasoma polepole mno, silabi kwa silabi, na maneno yetu marefu yatamwangusha. Akifika mwisho wa neno kama "hawakuwatembelea", mwanzo wake ameusahau. Katika imla huacha sauti moja katika zile zinazoandamana: "mbwa" likawa "bwa", "ng'ombe" likawa "gobe". Kisha huyu huyu tunampeleka kwenye Kifaransa au Kiingereza. Katika Kifaransa herufi tatu, e-a-u, hutoa sauti moja tu ya "o". Hapo ukuta wote humwangukia.

SI KILA ASIYESOMA ANA DISLEKSIA

Hapana budi tuwe waangalifu. Makadirio yanayotumiwa mara nyingi ni kwamba kati ya watoto 100, watano hadi kumi wana shida hii. Kwa darasa la watoto 90 hao ni kati ya wanne na tisa. Wengine wanaoshindwa wana sababu nyingine: njaa, utoro wa siku za mgao, kazi za nyumbani, masikio yanayouma, macho yasiyoona ubaoni. Wapo pia waliobadilishiwa lugha ya shule mara mbili kwa sababu ya kukimbia. Mtoto anayeandika "kura" badala ya "kula" pengine anaandika tu matamshi ya lugha ya nyumbani kwao.

Lakini sisi kambini tuna kosa letu la pekee: kila kitu tunaisingizia vita. Mtoto hasomi? "Ameona mengi." Ni kweli wapo walioona mengi, na wanahitaji faraja. Lakini tukikomea hapo, yule mwenye disleksia atapewa pole miaka sita bila kufundishwa. Hata kama vita visingetokea, angekuwa na shida hiyo kijijini kwao.

Vile vile tuwaangalie wasichana. Mwaka 1990 utafiti wa jimbo la Connecticut, Marekani, ulionyesha kwamba shule ziliwatambua wavulana wengi kuliko wasichana, lakini watoto wote walipopimwa, idadi zilikaribiana. Mvulana akishindwa hufanya fujo, mwalimu akamwona. Msichana akishindwa hunyamaza. Kwetu sisi, msichana anayenyamaza nyuma ya darasa huambiwa akae nyumbani alee wadogo zake, na baada ya muda tunasikia ameolewa.

AHADI ZILIZOANDIKWA

Watumishi wa mashirika wanajua maandiko haya, lakini wazazi wengi hawajaambiwa. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 22, unataka mkimbizi atendewe sawa na raia katika elimu ya msingi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unamtambua kila mtoto kuwa na haki ya elimu. Mwezi Juni 1994, huko Salamanca, Hispania, wajumbe wa serikali 92 na mashirika 25 ya kimataifa walikubaliana kwamba shule ya kawaida iwapokee watoto wote, na kwamba ni shule inayopaswa kujirekebisha kwa ajili ya mtoto. Mwaka 2006 Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, kifungu cha 24, uliithibitisha elimu jumuishi kuwa haki.

Tukumbuke Juni ile ya 1994 ilikuwaje katika ukanda wetu. Mauaji ya kimbari yalikuwa yakiendelea Rwanda, na mwishoni mwa Aprili watu wapatao robo milioni walikuwa wamevuka kuingia Ngara, Tanzania, kwa muda wa siku moja hivi. Watoto wao walisoma chini ya maturubai, kwa masanduku ya vifaa vya dharura: vibao, chaki na madaftari. Kazi ile ilikuwa njema, nasi tumerithi mtindo wake. Lakini dharura ina desturi ya kuhesabu vichwa. Ripoti hutaja walioandikishwa na walioacha. Haitaji walioketi miaka minne bila kusoma. Kambi zikidumu miaka, kuhesabu vichwa peke yake hakutoshi.

TUFANYE NINI?

Historia hii yote inaonyesha jambo moja. Kila walipomlaumu mtoto, hawakupata kitu. Kila walipobadili namna ya kumfundisha, alisonga mbele. Na mengi waliyobadili hayana gharama.

Walimu wenzangu: kila asubuhi tutenge dakika kumi za sauti. Watoto wapige makofi kwa kila silabi. Wataje vitu vinavyoanza na sauti "m". Wacheze kinyume, ule mchezo wa kugeuza silabi ambamo "kesho" huwa "shoke", kwa maana ndani yake mna zoezi la kusikiliza na kugeuza sauti za maneno. Herufi waziandike kwa kidole kwenye mchanga huku wakitamka. Mchanga tunao wa kutosha. Anayeshindwa akae mbele, asishtukizwe kusoma mbele ya darasa, na katika maarifa na sayansi aulizwe kwa mdomo. Na fimbo tuiweke chini.

Wazazi: usimlinganishe na ndugu yake. Mpeleke kwanza zahanati apimwe macho na masikio. Mwulize mwalimu anashindwa wapi, usikubali jibu nililompa yule mama. Na kama anajua kushona, kuhesabu au kutengeneza redio, msifu mbele ya watu.

Mashirika: tunaomba semina za walimu juu ya jambo hili, mtihani wa mdomo kwa wanaouhitaji, na safu moja zaidi katika fomu zenu: ni wangapi wanaosoma sentensi mpya na kuielewa. Kisichohesabiwa hakipangiwi fedha.

Mwaka jana nilimpata msichana mwenye dalili hizo. Kwa muhula mzima tulikaa dakika kumi kila siku baada ya masomo, kwa mchanga na sauti. Hajawa msomaji hodari, na sitawadanganya. Lakini sasa anasoma jina la mama yake kwenye kadi ya mgao, na sentensi fupi ubaoni, polepole, bila jasho.

Yule kijana bado namwona sokoni, anasukuma mkokoteni wa mizigo. Hunisalimu, "Shikamoo mwalimu," nami huitikia. Nimekwenda kwao kumwomba radhi mama yake, na nimewaambia kwamba nafasi yake ipo. Hajanijibu bado. Neno "Ameacha" nililiandika mimi, na leo nalisahihisha hapa mbele yenu: hakuacha shule, sisi ndio tuliomwacha.

 

Mwalimu wa darasa la tatu,
kwa niaba ya Kamati ya Elimu